Koleti na vishikio vya visu kwa karakana ya nyumbani: ulinganisho kwa fundi wa mfuko mdogo

Mtu anayenunua lethi ndogo (inayozungusha chuma kinachochongwa) au mashine ya milingi ya kuweka mezani (inayozungusha kikatio) kwa ajili ya karakana ya uani hapa Dodoma, iwe Nkuhungu, Ipagala au Kizota, kwa kawaida huwa amekwisha kupiga hesabu ya mashine yenyewe, ya usafiri wake kutoka Dar es Salaam na ya nyaya za umeme. Kinachosahaulika ni vile vitu vidogo vinavyoshika: koleti (kikombe cha chuma chenye mipasuko, kinachobana kitu cha mviringo), chaki (kichwa kinachobana kazi au kikatio), posti ya visu na vishikio vyake. Vitu hivyo vikijumlishwa huweza kukaribia bei ya mashine, na ndivyo vinavyoamua iwapo bushi itaingia mahali pake kwa kusukumwa na kidole gumba au itarudishwa na mteja kesho yake. Ulinganisho huu umekusudiwa kwa fundi anayetaka kununua mara moja, kwa fedha kidogo, bila kurundika seti ambazo nusu yake haitaguswa.

Msimamo wangu niuseme mapema. Anayeanza kwa kutazama seti za koleti dukani ameanzia mwisho. Linalotangulia ni tundu la spindo, yaani mhimili unaozunguka wa mashine, kisha kazi unazozipokea, na koleti hufuata baada ya hayo mawili kujulikana.

Tundu la spindo

Lethi ndogo za Kichina zinazouzwa kwa wingi zina spindo yenye tepa ya Morse namba 3 (tepa ni tundu linalopungua kipenyo kuelekea ndani), na chuma kinachoweza kupita katikati yake hakizidi milimita 20. Lethi za Kiingereza za zamani hutofautiana: Myford ML7 ina Morse namba 2 na pua yenye uzi wa inchi 1⅛, nyuzi 12 kwa kila inchi, wakati Boxford ina Morse namba 3. Mashine ndogo za milingi huja ama na Morse namba 3 ama na R8, ambayo ni tepa ya aina nyingine, na mara nyingi mashine ya jina lilelile huuzwa kwa namna zote mbili, kwa hiyo jina lililoandikwa ubavuni halitoshi.

Pima mwenyewe kwa venia (kipimo cha taya cha milimita). Mdomo wa Morse namba 2 una kipenyo cha milimita 17.8, wa namba 3 una milimita 23.8, na wa namba 4 una milimita 31.3. Mdomo wa R8 una milimita 31.75, jambo linalowafanya wengi waichukue kuwa Morse namba 4, hasa wakipima spindo iliyochakaa au yenye mafuta yaliyoganda. Tofauti huonekana ndani. Tepa ya Morse huendelea kupungua taratibu hadi mwisho, lakini R8 huteremka kwa ukali mdomoni tu, kisha tundu lake hunyooka na kubaki na kipenyo cha milimita 24 hivi. Ukiingiza kidole utagusa pia pini ndogo inayozuia koleti isizunguke.

Tofauti hiyo ya umbo huleta tofauti ya kazi. Tepa ya Morse, iliyobuniwa na Mmarekani Stephen Morse katika miaka ya 1860, ina mteremko mdogo wa takriban 1 kwa 20, kwa hiyo huganda kwa msuguano na kutoka kwake huhitaji nyundo yenye nia. R8, iliyoenezwa na mashine za Bridgeport, huachia kwa pigo dogo juu ya fimbo ya kuvutia, yaani bolti ndefu inayopita ndani ya spindo na kukivuta kishikio. Kwa mtu anayebadilisha vikatio mara nyingi kwa siku, na hasa kwa mashine ndogo ambayo beringi zake hazikuumbwa kupigwapigwa, R8 ina nafuu ya wazi. Ikiwa bado hujanunua mashine na muuzaji anakupa hiari, chagua R8. Ikiwa mashine unayo tayari na ni ya Morse, hilo si sababu ya kuiuza.

Kagua pia uzi wa fimbo ya kuvutia kabla ya kuagiza chochote. Vishikio vya Morse namba 3 huuzwa vikiwa na uzi wa M12 au wa inchi ⅜, na vya namba 2 kwa kawaida huwa na M10. R8 asilia ina uzi wa inchi 7/16, nyuzi 20 kwa inchi, ingawa zipo zenye M12. Kishikio kizuri chenye uzi usiolingana na fimbo yako ni chuma cha kuwekea karatasi zisipeperuke.

Kushika kikatio na kushika kazi

Koleti hutumika kwa shughuli mbili ambazo matangazo huzichanganya. Kwenye milingi hushika kikatio. Kwenye lethi hushika kazi, yaani kile chuma kinachochongwa. Mahitaji ya shughuli hizi mbili hayafanani, na fedha nyingi hupotea kwa kutolitambua hilo.

Mashina ya vikatio vya milingi yana vipimo vichache vinavyojulikana: milimita 6, 8, 10, 12, 16 na 20. Fundi mwenye mashine ndogo hatavuka 16 mara nyingi, maana mashine yenyewe haina nguvu wala uzito wa kusukuma endimili (kikatio cha milingi chenye meno mwishoni na ubavuni) ya milimita 20 ndani ya chuma. Kwa hiyo milingi ya nyumbani inahitaji koleti nne au tano tu. Seti ya vipande 18 haimwongezei mwenye milingi peke yake kitu chochote isipokuwa kisanduku kizuri.

Lethi ni habari nyingine. Chuma kinacholetwa karakanani hapa Dodoma si kila mara kile cha kiwandani kilichosagwa hadi kipimo kamili. Ni pini iliyotoka kwenye trela, ni bolti ya jembe la trekta, ni kipande cha shafti kilichokatwa kutoka gari bovu, na vipimo vyake huwa 11.7 au 15.4, kadiri alivyouacha uchakavu. Hapo ndipo uwezo wa koleti kubana kwa mapana unapokuwa na thamani.

Tena kuna mpaka ambao hakuna koleti ya bei nafuu itakayokuvusha. Shafti za pampu, za mashine za kusaga na za mashine za kukamua alizeti, ambazo ndizo mkate wa karakana nyingi kuanzia Kibaigwa hadi Singida, mara nyingi huzidi kipenyo cha milimita 26. Hizo zitabaki kwenye chaki ya taya tatu au taya nne. Usinunue koleti kwa matumaini ya kuitupa chaki.

ER dhidi ya koleti zinazoingia moja kwa moja

Mfumo wa ER, ambao koleti yake hubanwa kwa nati ndani ya chaki yake, ulibuniwa na kampuni ya Uswisi REGO-FIX katika miaka ya 1970, na leo unafuata kiwango cha DIN 6499 na kile cha kimataifa cha ISO 15488, kwa hiyo koleti ya kiwanda chochote inapaswa kuingia kwenye chaki ya kiwanda kingine. Koleti yake imepasuliwa kutoka pande zote mbili, na kwa sababu hiyo hubana sambamba kwa urefu wake wote na huweza kupungua kwa milimita nzima: koleti ya 13 hushika kitu chochote kuanzia 13 hadi 12. Zile ndogo kabisa hupungua nusu milimita tu.

Koleti ya R8 au ya Morse inayoingia moja kwa moja kwenye spindo haina hiari hiyo. Koleti ya 12 hushika 12, basi. Faida zake ni mbili, na kwa mashine ndogo si za kudharau. Kwanza, kikatio hukaa karibu sana na beringi za spindo, kwa hiyo mtetemo hupungua. Pili, haili urefu. Mashine ya milingi ya mezani yenye nafasi finyu kati ya spindo na meza hupoteza sentimita kadhaa mara tu unapoweka chaki ya ER, na ukishaweka na jiliwa (kibanio cha kazi) chini yake, huenda ukabaki na nafasi isiyotosha kuingiza drili.

Nikilinganisha hizi mbili kwa milingi pekee, naziona koleti za moja kwa moja kuwa chaguo la kwanza kwa mwenye fedha kidogo: nunua 6, 10 na 12, ongeza 16 ukiihitaji, na mfuko utakushukuru. ER hushinda pale ambapo una vikatio vya inchi vilivyonunuliwa pamoja na mashine ya zamani. Shina la nusu inchi ni milimita 12.7, na la robo inchi ni 6.35, koleti za ER za 13 na 7 huyashika yote mawili bila kununua seti ya pili. Vikatio vya Kiingereza vya zamani vyenye uzi mwishoni mwa shina, vilivyotengenezwa kwa chaki za Clarkson, navyo vinaweza kushikwa na ER, mradi koleti ibane sehemu laini ya shina na si uzi.

Kuna pia kishikio cha skrubu ya ubavuni, chenye tundu lililonyooka na skrubu inayokaza kwenye bapa la shina. Ni cha bei ndogo, ni kifupi, na kikatio hakiwezi kuchomoka. Kasoro yake ni kwamba skrubu husukuma shina upande mmoja wa tundu, kwa hiyo kikatio huyumba kwa kiasi cha ule uwazi uliopo. Kwa kukwangua chuma kingi kwa endimili ya 16 hakina mpinzani kwa bei yake. Kwa endimili ya 4 hakifai hata kidogo.

Chaki ya drili niitaje kwa sababu bado naiona ikitumika kwa milingi. Taya zake hugusa shina kwa mistari mitatu myembamba tu, na chaki yenyewe mara nyingi imepachikwa kwenye shina lake kwa tepa fupi isiyo na kitu cha kuivuta. Nguvu ya kutoka ubavuni huitikisa tepa hiyo hadi iachie, na chaki huanguka ikiwa inazunguka. Hapa sizungumzii ubora wa kazi. Nazungumzia mikono na macho.

Ukubwa gani wa ER

Namba ya ER ni kipenyo cha mdomo wa chaki kwa milimita. Vipimo vinavyomhusu fundi ni hivi:

| Ukubwa | Kipenyo kikubwa kinachoshikwa (mm) | Uzi wa nati | Upana wa nati (mm) |
|---|---|---|---|
| ER16 | 10 | M22 × 1.5 | 32 |
| ER20 | 13 | M25 × 1.5 | 34 |
| ER25 | 16 | M32 × 1.5 | 42 |
| ER32 | 20 | M40 × 1.5 | 50 |
| ER40 | 26 | M50 × 1.5 | 63 |

Mwenye milingi ndogo yenye Morse namba 2 asivuke ER25, kwa kuwa chaki kubwa juu ya shina jembamba hutetemeka. Mwenye Morse namba 3 au R8, na ambaye ana lethi pia, atafanya vyema kuchagua ER32 kwa mashine zote mbili. Uzuri wa ER32 si kwamba ni bora kuliko nyingine kiufundi. Ni kwamba ndiyo inayopatikana kwa urahisi zaidi, sehemu zake huuzwa moja moja, na kikomo chake cha milimita 20 kinalingana na tundu la lethi nyingi ndogo. ER40 huvutia kwa ile milimita 26, lakini nati yake ni pana, spana yake ni ndefu, na ikiwa spindo yako hupitisha 20 tu, umelipia uwezo ambao utautumia kwa vipande vifupi peke yake.

Mtu anayechonga vitu vidogo, kwa mfano pua za bomba za umwagiliaji za mashamba ya zabibu au sehemu za vifaa vya kupimia, ana hoja ya kuchagua ER20. Nati yake nyembamba huruhusu kisu kukaribia kazi bila kugonga. Wengine wote waanze na ER32.

Kwenye lethi: shina la Morse, bamba, au 5C

Chaki ya ER kwa lethi hupatikana kwa namna mbili. Ile ya shina la Morse huingia kwenye tundu la spindo na kuvutwa kwa fimbo kutoka nyuma. Ni rahisi na haihitaji kurekebishwa, lakini huziba tundu, kwa hiyo huwezi kupitisha chuma kirefu. Fundi anayetoa bushi moja moja kutoka kwenye kipande kilichokwisha kukatwa hatasumbuka. Anayetaka kuchonga pini ishirini kutoka kwenye nondo laini ya mita moja atasumbuka sana.

Namna ya pili ni chaki ya bamba, inayofungwa kwa bolti mahali pa chaki ya taya tatu. Tundu hubaki wazi. Bei yake huwa juu kidogo, na usahihi wake hutegemea jinsi ulivyoifunga: ukiacha uwazi mdogo kati ya bamba na duara la spindo, unaweza kuigongagonga kwa nyundo ya plastiki huku ukitazama geji ya mshale (kipimo cha kuyumba), hadi isiyumbe kabisa, ndipo ukaze bolti.

Iko na njia ya tatu kwa mwenye uvumilivu, nayo ni kujichongea. Nati ya ER32 huuzwa peke yake kwa bei ndogo. Chukua bamba la chuma linaloingia kwenye pua ya spindo yako, likate uzi wa M40 × 1.5 kwa nje, kisha geuza slaidi ya juu hadi pembe ya digrii 8 na uchonge mteremko wa ndani. Usilitoe bamba hilo kwenye spindo hadi umalize. Kwa kuwa mteremko umechongwa na spindo ileile itakayoutumia, kuyumba kwake kutakuwa kudogo kuliko kwa chaki nyingi za kununua. Kazi ngumu hapo ni kuipata pembe: paka koleti mpya wino wa kuwekea alama, iingize, izungushe kidogo, na usome ni wapi wino umefutika.

Mpinzani wa ER kwenye lethi ni 5C, mfumo wa Kimarekani wa tangu mwanzoni mwa karne ya 20 unaohusishwa na kampuni ya Hardinge. Katika karakana ya uzalishaji ninaipenda 5C kuliko ER. Hufunga na kufungua kwa mkono mmoja wa mtambo, hushika kipande kifupi bila kulalamika, hushika hadi milimita 27 hivi, na zipo zenye tundu la mraba na la pembe sita. Lakini hupungua kwa sehemu ya kumi ya milimita au zaidi yake kidogo tu. Ile pini ya trela yenye 15.4 haitashikwa na koleti ya 15 wala ya 16, na ili ujitosheleze kwa kila kipimo utahitaji dazeni za koleti. Zaidi ya hayo, koleti yenyewe ina kipenyo cha inchi 1¼, na lazima ivutwe kwa bomba linalopita ndani ya spindo. Lethi yenye tundu la milimita 20 hailiruhusu.

Kwa hiyo kwa lethi ndogo ya nyumbani 5C iondoke kwenye orodha, isipokuwa kwa jambo moja. Vitalu vya 5C vya mraba na vya pembe sita, pamoja na kile kigawanyo kidogo cha mkono chenye bamba la matundu, huuzwa kwa bei nafuu na hukaa juu ya meza ya milingi bila kuhusika na spindo. Kwa kichwa cha bolti cha pembe sita au mkato wa ufunguo, kitalu kimoja na koleti mbili tatu hufanya kazi ambayo bila hivyo ingehitaji kigawanyo kikubwa. Vitalu vya ER32 navyo vipo, na kama tayari una koleti zake, anza na hivyo.

Bei ndogo hununua nini

Koleti za ER za daraja la kawaida huruhusiwa na kiwango kuyumba mikroni 15 hadi 20 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), kutegemea kipenyo. Linganisha na chaki ya taya tatu ya bei ndogo, ambayo si ajabu kuikuta na mikroni 50 hadi 100. Maana yake ni kwamba hata koleti isiyo na jina, ikikaribia kiwango, ni hatua kubwa mbele. Sioni sababu ya fundi wa nyumbani kununua koleti za daraja la juu, ambazo kipande kimoja huweza kufikia bei ya seti nzima ya kawaida. Fedha hiyo iende kwenye chaki na nati, kwa sababu koleti mbaya ni moja kati ya 18, lakini chaki mbaya huziharibu zote.

Jinsi ya kumjua mkosaji ni hii. Pima kwanza tepa ya spindo yenyewe kwa geji ya mshale. Kisha shika kitu kilichosagwa kwa usahihi, kama vile shina la endimili ya kabaidi (metali ngumu sana ya kukatia) au rola ndefu kutoka kwenye beringi; shina la drili la kawaida halifai kwa kipimo hiki. Soma geji karibu na nati, halafu soma tena sentimita tano mbele. Weka alama ya kalamu mahali palipo juu, legeza, zungusha koleti nusu duara bila kuigusa chaki, kaza na upime tena. Mahali palipo juu pakihama pamoja na koleti, koleti ndiyo yenye kasoro. Pakibaki palepale kwenye spindo, kasoro iko kwenye chaki au kwenye spindo.

Malalamiko mengi kuhusu koleti za ER hutokana na namna zinavyowekwa. Ndani ya nati mna mdomo ulioegemea upande mmoja, na koleti ina mfereji unaopaswa kuingia humo kwanza. Iinamishe koleti, ibonyeze hadi ulisikie lile tiki, ndipo uipeleke kwenye chaki. Anayeitumbukiza koleti kwenye chaki kisha akaifunika kwa nati hukaza kwa upande mmoja, huharibu nati, na siku ya kufungua koleti hubaki imekwama. Usikaze koleti tupu, usilazimishe shina la 10.2 ndani ya koleti ya 10, na hakikisha kinachoshikwa kinajaza angalau theluthi mbili ya urefu wa koleti. Ukiwa na kipande kifupi, weka kipande kingine cha kipenyo kilekile upande wa nyuma ili koleti ibane sawasawa. Nati ya ER32 inahitaji nguvu nyingi kuliko watu wanavyodhani, zaidi ya Nm 100 kwa vikatio vikubwa, na endimili inayojichomoa taratibu na kuzama kwenye kazi kwa kawaida inaeleza kwamba spana yako ni fupi.

Posti na vishikio vya visu

Lethi nyingi huja na posti ya mraba yenye nafasi nne. Ni imara, na kwa uimara huo huweza kuishinda posti ya kubadilisha haraka ya bei ndogo. Udhaifu wake ni kimo cha kisu. Ncha lazima ilingane na kitovu cha spindo, na kwa posti hii unakifikia kimo hicho kwa kupanga vipande vya bati chini ya kisu, tena upya kila unapokinoa. Wenye visu vya kabaidi visivyonolewa hawaisikii sana kero hii: wakishaviwekea bati sahihi na kuvifunga pamoja kwa waya, huvitumia mwaka mzima.

Posti ya kubadilisha haraka, ya mtindo ulioenezwa na kampuni ya Aloris ya Marekani, humpa kila kisu kishikio chake chenye nati ya kurekebisha kimo. Hupangwa mara moja. Kuna ya pistoni, ambamo vipande viwili husukumwa nje kukaza kishikio, na ya kabari, ambayo hukivuta kishikio na kukilaza kwenye posti kwa upana wote. Ya kabari hurudi mahali pake kwa uhakika zaidi na ni ghali zaidi. Kwa lethi ndogo isiyo na nguvu ya kukata kwa kina, pistoni inatosha, na tofauti ya bei itakununulia vishikio kadhaa. Kwa lethi ya kati inayochonga shafti za milimita 50 kutwa nzima, lipia kabari.

Ukubwa wake hutegemea lethi: zile ndogo zenye uwezo wa kuzungusha kipenyo cha hadi milimita 200 hutumia OXA, zile za hadi 300 hutumia AXA, na zinazofuata hutumia BXA. Usikubali maneno ya muuzaji pekee. Pima kutoka uso wa slaidi ya juu hadi kitovu cha spindo, kisha ulinganishe na kimo cha chini kabisa ambacho kishikio kinaweza kukipeleka kisu cha unene wako. Posti kubwa kupita kiasi haishuki vya kutosha, na hapo hakuna bati litakalokusaidia.

Seti huja na vishikio vitano, na kimoja kati yake huwa cha kutia mikwaruzo ya mshiko ili mkono usiteleze, ambacho fundi wa vipuri hukitumia kwa nadra. Bora kununua posti na vishikio vya kawaida kimoja kimoja, pamoja na kimoja cha fimbo ya kupanulia tundu na kimoja cha bapa la kukatia.

Kuhusu visu vyenyewe, HSS (chuma kigumu cha kukatia) bado ndiyo rafiki wa mfuko mdogo. Kipande kimoja hunolewa kwa grinda ya mezani kuwa umbo lolote, hukata kwa ukali hata pale mota inapokuwa dhaifu, na huvumilia kugonga kwenye mkato usioendelea. Hushindwa kwenye shafti iliyojazwa kwa kuchomelewa, ambayo ina madoa magumu yanayoibutua ncha kwa muda mfupi. Kwa kazi hiyo, ambayo hapa kwetu ni ya kila wiki, kabaidi iliyochomelewa kwenye shina, ya daraja la P30, ni rahisi na inafaa, ila kuinoa kunahitaji jiwe la kijani. Mwenye kutaka ncha za kubadilisha achague familia moja na abaki nayo. Kwa mashina ya milimita 8 hadi 12, CCMT 0602 ndiyo yenye wauzaji wengi. Na ile iliyosagwa kwa ukali ya CCGT, inayouzwa kwa ajili ya alumini, hukata vizuri pia chuma laini kwenye lethi isiyo na nguvu.

Kununua na kukagua ukiwa Dodoma

Baadhi ya vitu hivi hupatikana kwenye maduka ya Kariakoo na Gerezani na kutumwa kwa basi au kwa treni. Vingine huagizwa moja kwa moja kutoka Uchina. Vinavyouzwa Dar es Salaam unaweza kumtuma mtu avikague; vinavyoagizwa nje huwa na bei nafuu, lakini kuvirudisha ni ndoto. Chaki na posti, ambazo ndizo zenye uzito wa maamuzi, ningezinunua pale zinapoweza kushikwa mkononi. Koleti moja moja na ncha za kabaidi ningeziagiza.

Mzigo ukifika, osha kila kitu kwa mafuta ya taa, kwa kuwa grisi ya kiwandani huficha chenga za chuma, na kwa kiangazi cha huku, kuanzia Juni hadi Novemba, upepo huichanganya grisi hiyo na vumbi jekundu hadi iwe msasa. Pitisha ukucha kwenye kingo za mipasuko ya koleti. Palipo na ncha kali, papunguze kwa jiwe laini la kunolea. Zungusha nati kwa vidole hadi mwisho wa uzi, bila koleti: ikikwama au ikicheza kando, irudishe kabla hujailipia tena kwa muda wako. Kisha ingiza kila koleti kwenye nati na usikilize ile tiki, kwa sababu nati ambayo mdomo wake wa ndani haukuchongwa sawasawa huonekana nzima kabisa mpaka siku unapojaribu kuichomoa koleti ya kwanza.